Boti ya Mtu Mmoja

Mwalimu alikuwa anaogopa ngamia. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya boti wanadhani alikuwa jasiri wa ajabu, na hakuwa. Aliishi Merti miaka kumi na saba, mahali ambapo ngamia ni wengi kuliko milango, na bado akiona mmoja anakuja barabarani alivuka upande wa pili, akasimama karibu na ukuta wa duka akijifanya anasoma tangazo. Tulimcheka sana. Baba yangu ndiye aliyemcheka kuliko wote. Siku moja alimuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, wewe unaingia kwa mto ya mamba na kitu nyembamba kama sindano, halafu unakimbia ngamia?" Mwalimu akafikiri kwanza. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza hata ukimuuliza saa. Kisha akasema, "Mamba ana mipaka yake, mzee. Huyu ngamia wako hana."

Alikozaliwa na ukoo wake sitavieleza. Alitoka upande wa Meru, akaletwa kwetu kufundisha hesabu, inatosha. Mimi siku hizi nauza magauni ya diraa na mashuka sokoni Isiolo mjini, na mchana jua likikaza wateja wakapotea, yeye ndiye anayenijia kichwani, si baba. Baba nikimkumbuka hakuna kinachotokea. Naona uso wake, basi, vile unavyoona picha ya kitambulisho. Mwalimu namkumbuka na sauti, na mfuko wa suruali uliojaa vumbi la chaki, na namna alivyokohoa kidogo kabla ya kukataa jambo.

Kukataa ndiko kulikuwa mazoea yake. Neno lake la kwanza lilikuwa hapana. Ukiomba kwenda nyumbani mapema, hapana. Ukimletea chai, hapana. Wazee walipomwomba awe katibu wa kamati ya maji, hapana. Halafu zikipita dakika tano anakuita. "Hebu sema tena." Ukisema tena, anakubali, na akishakubali atafanya kazi hiyo mpaka uchoke wewe uliyemwomba. Watu waliomjua hawakukasirika na ile hapana. Walikaa chini wakangoja dakika zao tano.

Sasa boti. Ilikuwa ndefu kunishinda mara tatu, na nyembamba kiasi kwamba mama yangu hangeingia hata kwa kusukumwa. Juu ilikuwa imefunikwa yote, imeachwa tundu moja tu katikati, la mtu mmoja. Unakaa hapo, miguu inapotelea ndani kuelekea mbele, magoti unayabana chini ya kifuniko, na kuanzia hapo wewe na boti ni kitu kimoja, ukitaka usitake. Kasia lake lilikuwa na kibao kila upande. Iliachwa na mgeni aliyekuja na mpango wa kufuata Ewaso Nyiro mpaka maji yanapoishia kwenye kinamasi. Alifika Merti wakati wa kiangazi, akakuta mto ni mchanga na dimbwi moja la punda. Akalala kwa Mwalimu siku mbili, akala ugali wake, akapanda lori akarudi alikotoka. Boti hakuibeba. Watu wakaiita Sindano.

Sehemu kubwa ya mwaka Sindano ilining'inia kwenye boriti za paa la nyumba ya Mwalimu, na kuku wa jirani walikuwa wakitaga ndani yake. Mvua zikikaribia, kabla ya kuiteremsha, alitoa mayai kwanza, akayahesabu, akampelekea mama mwenye kuku. Hata moja hakula. Nilipomuuliza sababu alisema, "Boti ni yangu. Kuku si wangu." Mtu huyohuyo alikuwa akichukua kalamu za wanafunzi mezani bila kuuliza na hazirudi tena. Sijui hesabu yake ilikuwaje hapo.

Ukimuuliza kama boti ni nzuri, hutapata jibu. Atakuuliza, "Nzuri kwa nini?" Alisema imetengenezwa kwa ziwa, kwa maji mapana, kwa mtu anayetaka kutoka hapa kwenda kule bila kugeuka. Mbele inakwenda, tena kwa haraka, mapigo manne ya kasia umeshawaacha watu wa ukingoni wanashangaa. Lakini kona haipendi, na Ewaso ni kona tupu. Nyuma ilikuwa na usukani mdogo wa kuongozwa kwa nyayo. Waya wake ulikatika, fundi wa baiskeli akaweka waya wa breki, na hata hivyo ukitaka kugeuka lazima uanze kugeuka mapema, kabla hujaiona sababu. "Nimeletewa mke msomi nimweke kuchunga mbuzi," alisema siku moja pale kwa mama wa chai. Wanawake wakamzomea. Mmoja akamwambia, "Na huyo wa kuchunga mwenyewe hujapata!" Kweli, hakuwa ameoa. Akacheka mpaka akamwaga chai.

Kwa hiyo kila mwaka alisema boti haifai mto huu, na kila mwaka mto ukijaa aliiteremsha. Nilimsikia akisema hivyo huku anaipaka lami kwenye nyufa. Kulikuwa na kifuniko kidogo nyuma, cha kuwekea mizigo ndani, nacho akakiziba kwa lami kabisa kwa sababu kilivuja. Tangu hapo hakukuwa na pahali pa kuweka kitu isipokuwa katikati ya magoti ya anayekaa.

Alitufundisha pembe kwa kutumia mto. Anachora ubaoni mistari miwili, hizo ni kingo, halafu Sindano kwa chaki ya njano. Usiupe mto ubavu. Ukiupa ubavu, umekwisha. Elekeza pua juu, upande maji yanakotoka, lakini si moja kwa moja, acha pembe kidogo, piga kasia kwa utulivu, na mto wenyewe utakusukuma mpaka ng'ambo. Pembe ikiwa ndogo sana, unabaki palepale unahema. Ikiwa kubwa sana, maji yanakubeba. Mpaka leo nikimkatia mteja shuka naona pembe. Darasa letu lilifaulu hesabu, na wengi wetu hata kuogelea hatukujua.

Jambo lingine alilorudia ni hili la kulala. Sindano ukiikalia mara ya kwanza inayumba, unadhani inakutupa. Mtu mgeni hapo ndipo anapoogopa, anajikaza, anaanguka. Mwalimu alisema usiogope kuyumba kwake. Inalala haraka lakini kupinduka inachelewa. Ikilala upande, ina mahali inasimama, na kutoka hapo inarudi yenyewe, mradi wewe uko chini na uzito wako uko chini. Alinikalisha humo nikiwa darasa la nane, maji ya kufika magotini, wavulana wote wanatazama. Alinifunga ile nguo ya kuzuia maji, aliyoishona mwenyewe kwa turubai la lori, unaivaa kiunoni na kuibana kwenye ukingo wa tundu. Ilikuwa sketi, haina jina lingine, na wavulana walikuwa wamekufa kwa kicheko tangu siku ya kwanza walipomwona Mwalimu amevaa sketi. Nikalala kushoto, nikapiga kelele, na boti ikarudi. Nikalala kulia, ikarudi. Mara ya tatu nikajifanya mjanja, nikainua mikono juu na kasia, na papo hapo nikawa chini ya maji natazama mchanga.

Alinitoa akaniuliza, "Umekosea wapi?"

"Niliinua mikono."

"Uzito wako ulikwenda wapi?"

"Juu."

"Basi." Halafu akageukia wale wavulana. "Mzigo ukae chini ya kitovu. Kitu kikikaa juu ya kitovu chako, huyo ni mtu wa pili, na hii ni boti ya mtu mmoja."

Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, nguo zangu zikichuruzika. Nataka hilo lijulikane.

Alikuwa mtu wa kanisa, lakini nyimbo hakuimba. Alikaa mwisho, akasoma somo akipewa, akarudi kukaa. Waislamu aliwasalimia salaam aleikum, na wazee wa Kiborana aliwaambia nagaa kwa lafudhi mbaya ambayo miaka kumi na saba haikuirekebisha. Ramadhani hakula mbele yetu. Alikuwa mchoyo wa maneno na mwepesi wa viatu. Nimemwona akitembea kwa miguu mpaka nyumba za nje kabisa kuuliza kwa nini mtoto fulani hakuja shule siku mbili. Akiambiwa ameenda na mifugo, alikohoa, akasema hapana, akakaa chini mpaka mtoto akarudishwa.

Kwa baba yangu alikuja kila Ijumaa jioni. Baba alikuwa na kisukari cha kudungwa sindano kila siku, na Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma zile namba kwenye bomba, kwa sababu baba hakusoma. Walikaa mkekani, baba akamuuliza habari za Sindano vile mtu anauliza habari za mnyama. "Ngamia yako imekula nini wiki hii?" Mwalimu anajibu, "Mayai, mzee." Sikuwahi kuona wanazungumza jambo la maana. Lakini Ijumaa ambayo Mwalimu hakuja, baba alikuwa anatazama mlango.

Ule mwaka wa mafuriko makubwa, mto ulijaa baba akiwa ng'ambo. Alikuwa amevuka na kaka yangu kwenda fora, kambi ya mifugo iliyo mbali na nyumbani, akiwa na dawa ya siku sita. Maji yakapanda siku ya pili, yakakaa. Mti mzima unapita, mbuzi amevimba anapita, kitanda cha mtu kinapita. Tuliambiwa ndege italeta msaada. Hatukuiona. Kufikia siku ya tisa kaka alikuwa akipanda kilima kutafuta mtandao, anatupigia: baba anakunywa maji bila kukoma, baba anatapika, baba anapumua vibaya.

Nilikwenda kwa Mwalimu. Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule, nasaidia mama dukani. Nilimkuta ameshaiteremsha Sindano, iko uani juu ya mawe mawili. Sikuhitaji kumaliza.

"Hapana," alisema. "Haya si maji ya hii boti."

Nikakaa chini. Hata dakika tano hazikufika. Akasema, "Nenda kwa nesi. Mwambie dawa peke yake. Ndani ya kikasha cha barafu, kile kidogo. Kitu kingine chochote, usiniletee."

Nesi akatoa kikasha cha plastiki chenye mshikio, insulini ya mwezi mmoja ndani. Nikiwa njiani simu ikalia. Ilikuwa baba mwenyewe, kaka amembeba mpaka kilimani kwenye mtandao. Sauti yake ilikuwa inatoka mbali.

"Kaka yako anasema Mwalimu anakuja."

"Ndiyo, baba. Anakuja na dawa."

"Mchele hakuna hapa," alisema. "Chai hakuna. Mtu anatoka kwa maji kwa sababu yangu, anafika kwangu, nampa nini? Mbuzi nitachinja. Mchele sina. Unataka niaibike?"

"Baba, Mwalimu amesema dawa tu."

"Mwalimu ni mgeni," alisema baba. "Mgeni hasemi atakula nini. Weka mchele."

Kwetu mtu haendi fora mikono mitupu. Hata ukienda kuulizia punda aliyepotea, unabeba majani ya chai, unabeba sukari, unabeba kitu. Ni jambo ambalo mtu halifikirii, analifanya tu, anavyovaa viatu. Na baba akikuamrisha, unafanya. Nikapita dukani, nikachukua kilo kumi za mchele, chupa ya mafuta ya lita tatu na majani ya chai, nikatia vyote kwenye gunia moja.

Ukingo ulikuwa matope matupu, kwa hivyo watu walisimama juu, mbali kidogo. Chini tulikuwa mimi na Mwalimu. Alikaa ndani ya tundu, akaweka kikasha katikati ya mapaja, akafunga sketi yake ya turubai, akaanza kunyoosha mabega. Macho yake yalikuwa mtoni. Mtu aliyekaa ndani ya Sindano hawezi kugeuka nyuma, akigeuka anaenda na maji. Mimi nilijua hivyo. Nilingoja mpaka amefunga. Kisha nikaweka gunia nyuma ya mgongo wake, juu ya kifuniko, nikalikaza kwa kamba ya blada, ule mpira wa ndani ya tairi, mizunguko minne. Nimefunga mizigo ya punda tangu nikiwa mdogo na hakuna mzigo wangu uliowahi kuteleza. Ule pia haukuteleza.

Kwa nini sikumwambia? Angesema hapana. Nilijiambia hatuna dakika tano. Ukweli ni kwamba niliogopa zikipita dakika tano bado angesema hapana, na mimi ningerudi kumwambia baba nini?

Watu wa juu waliliona gunia. Hakuna aliyeshtuka. Anaenda fora, amebeba mchele, kuna ajabu gani?

Nikamsukuma. Alikwenda vizuri. Pua juu, pembe ileile ya ubaoni, kasia linaingia kushoto, linaingia kulia, na mto unamsogeza ng'ambo bila ubishi. Nilianza hata kutabasamu. Alikuwa amepita katikati wakati mti ulipokuja, mti wa kawaida, wala si mkubwa, na akalala upande kidogo kuukwepa. Nilimwona analala. Boti ikafika pale inaposimama siku zote. Haikusimama. Ililala polepole, bila haraka yoyote, gunia langu likiivuta, mpaka nikaona tumbo lake la njano.

Alitokea mbali chini, ng'ambo, ameshika mzizi, na kaka akamvuta kwa shuka. Kaka akapanda kilima akapiga simu. "Mwalimu ametoka. Dawa hakuna." Akasema tena, "Dawa hakuna," labda alidhani sijasikia. Sindano haikuonekana tena, wala gunia.

Baba alikufa siku iliyofuata, alasiri, akazikwa hukohuko ng'ambo, si mbali na ukingo, kabla jua halijazama. Mwalimu alikuwa mmoja wa waliochimba. Mimi nilikuwa upande huu. Nilisimama ukingoni, nikaona watu wadogo wadogo wanainama na kuinuka, sikujua yupi ni nani. Sikulia. Watu walinisifu, wakasema msichana huyu ana imani. Sikuwa na imani wala nini. Nilikuwa na njaa, nalikumbuka hilo vizuri, nikaenda nyumbani nikala.

Maji yalipopungua Mwalimu alivuka kwa miguu, akaja moja kwa moja kwetu. Alikaa pale mkekani mahali pake. Mama alimwambia, "Ni kadari ya Mungu, Mwalimu."

"Hapana, mama," alisema. "Ni pembe. Nilikosea pembe."

"Mto umechukua boti, ukachukua na dawa. Wewe ungefanya nini?"

"Nilikosea pembe," alisema tena, na safari hii dakika tano zilipita, kumi zikapita, hakubadilisha. Mimi nilimletea maji ya kunywa. Akanishukuru.

Watu hawakumlaumu kwa sauti. Walisema tu maneno madogo: boti ya mchezo, mwanamume wa sketi, angefunga kamba, angengoja. Gunia hakuna aliyelitaja mbele yake. Mwalimu aliyasikia yote na akakubaliana nayo. Mwisho wa muhula akaomba uhamisho, akaja Isiolo mjini, akafundisha mpaka akastaafu. Mimi nikaolewa, nikaachika, nikahamia mjini pia, nikaweka meza sokoni. Miaka tuliishi mji mmoja. Nilimwona mara mbili kutoka mbali na mara zote mbili nikaingia duka la jirani.

Mwaka huu mteja mmoja, mama wa kanisa lao, aliniambia Mwalimu amepooza upande wa kulia, yuko mtaa wa Bula Pesa, anatunzwa na mpwa wake. Nilifunga meza. Nikanunua ndizi na mkate. Nataka niseme kweli, nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimepanga mpaka maneno: Mwalimu, nilifunga gunia. Maneno matatu. Niliyarudia njia nzima.

Mpwa wake, mama wa makamo, alinifungulia akanionyesha kiti. Mwalimu alikuwa kitandani ameegemea ukuta. Nusu ya uso ilikuwa yake, nusu imelegea. Alinijua mara moja, akaniita kwa jina la baba yangu, binti wa fulani, kisha akaomba radhi kwa sauti yake kuwa nzito. Tukaulizana hali. Nikamenya ndizi, nikampa.

Kando ya mto wa kulalia kulikuwa na madaftari ya shule, kumi au zaidi. Alinyoosha mkono wa kushoto akanipa moja. Nikafungua. Mistari miwili ni kingo, katikati Sindano, mishale, namba. Ukurasa wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Daftari zima.

"Uzito wangu," alisema. "Uzito wa kikasha. Kasi ya maji, nakisia. Mti. Nimepiga hii hesabu kila njia. Boti inalala, halafu inarudi. Kila njia inarudi. Siku hiyo mbona haikurudi? Ilikuwa inanijibu vibaya tangu mwanzo, mimi nikadhani ni mto." Akapumua. "Kuna kitu hakimo ndani ya hesabu yangu. Sijui ni nini."

Nilijua ni nini. Ni kilo kumi na chupa ya lita tatu. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua.

"Ngoja," alisema. "Kwanza mimi. Kuna jambo sikumwambia mama yako." Akatazama mlangoni kuhakikisha mpwa wake yuko mbali. "Dawa haikuchukuliwa na mto. Nilipopinduka nilitoka nayo. Mshikio ulikuwa kwa mkono wangu, huu wa kulia. Nilikuwa nayo mpaka kwenye mzizi. Mkono mmoja haukutosha kunishika, maji yalikuwa yananivuta. Nikaachilia. Sikunyang'anywa, unaelewa? Niliachilia mwenyewe. Kaka yako akanikuta nimeshika mzizi kwa mikono miwili, akasema Mungu mkubwa."

Nililifunga daftari nikaliweka kitandani.

"Baba yako alinichinjia mbuzi," alisema. "Hawezi kusimama, na akaamrisha mbuzi achinjwe. Nikala."

Chozi lilishuka upande ule wa uso uliokuwa hai. Akasema, "Nisamehe, binti yangu."

Nitasema nilivyohisi, kwa kuwa miaka yote hiyo sikuwa nimehisi kitu na siku hiyo nilihisi. Nilifurahi. Ilikuwa nafuu tupu, na nilitaka kucheka. Aliachilia. Basi ni yeye. Hata boti ingepinduka kwa sababu yoyote, dawa ilikuwa mkononi mwake, na yeye aliachilia.

"Nimekusamehe, Mwalimu," nilisema.

Alinishika mkono akanibana vidole mpaka vikauma. Alikaa hivyo muda, analia na kutikisa kichwa. Halafu alipotulia alichukua tena lile daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea mapajani.

"Wewe ulikuwa ukingoni," alisema. "Ulikuwa mzuri wa hesabu. Uliona kila kitu. Niambie, ni pembe? Nilikosea pembe?"

Nilitazama mchoro. Pembe ilikuwa sawa, ilikuwa sawa kabisa. Nje mpwa wake alikuwa anafua, nilisikia maji yakimwagwa.

"Ndiyo, Mwalimu," nilisema. "Ulikosea pembe."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, vile alivyokuwa akifanya darasani mwanafunzi akifika kwenye jibu. Akatafuta kalamu nyekundu kati ya mashuka, akaipata, na kwa ule mkono wa kushoto usiozoea kuandika akachora alama ya kosa juu ya ukurasa wote, pembe hadi pembe. Kisha akaniomba nimpitishie daftari lililofuata.